Soma Neno alfajiri, litende kabla ya magharibi

Wakristo wengi wa Unguja na Pemba wanasoma Biblia, na wapo wanaoisoma kila siku bila kukosa. Panapokwama ni kwenye kutenda. Aya inasomwa alfajiri, ikifika saa nne asubuhi imeshasahaulika, na Yakobo alilisema hilo mapema: mtu amejitazama kwenye kioo, akaenda zake, akasahau yukoje (1:23–24). Mwongozo huu una kanuni moja tu. Fungu la leo lizae tendo moja, lenye jina la mtu na saa, nalo lifanyike kabla hujalala.

Vifaa ni vichache: Biblia ya karatasi, daftari la skuli la kurasa 80, kalamu, na taa ya kuchaji kwa siku za umeme kukatika. Kama Biblia yako iko kwenye simu, zima data kwanza. Ujumbe mmoja ukiingia, kusoma kumekwisha.

Hatua ya 1: Chagua kitabu kizima

Anza na Waraka wa Yakobo. Una sura 5 na aya 108. Ukichukua aya 6 kwa siku, siku 6 kwa wiki, unaumaliza kwa wiki 3. Usikate wazo katikati. Pakihitajika chukua aya 5 au 8. Siku ya saba ni ya ibada na ya kupitia daftari.

Kuna wanaoanza na Mwanzo kwa nia ya kumaliza Biblia nzima kwa mwaka. Biblia ina sura 1,189, kwa hiyo ni zaidi ya sura 3 kila siku. Ni jambo jema, ila ni kazi nyingine. Sura tatu zinaweza kuwa na maagizo kumi, na mwenye maagizo kumi hushika lile jepesi.

Kufungua popote kidole kinapoangukia kuna hasara kubwa zaidi. Unaokota nusu ya maneno ya mtu: pengine ni maneno ya rafiki zake Ayubu, ambao Mungu mwenyewe aliwakemea mwishoni kwa walivyosema (Ayubu 42:7), nawe unayachukua kama ahadi yako ya siku.

Hatua ya 2: Funga muda kwenye jambo linalotokea kila siku

“Nitasoma nikipata nafasi” haijawahi kufanya kazi. Mtaani kwetu adhana ya alfajiri inaamsha nyumba zote; basi ukiamka, amka moja kwa moja, usirudi kujifunika. Dakika 25 zinatosha: 10 za kusoma, 10 za kuandika, 5 za kuomba.

Anayefanya kazi hotelini, iwe Nungwi, Kiwengwa au Paje, asifuate saa, kwa sababu shifti hubadilika kila wiki. Afuate tendo: baada ya kuoga, kabla ya kuvaa sare. Akitoka shifti ya usiku, alale kwanza. Kusoma huku unasinzia ni kupitisha macho tu.

Hatua ya 3: Soma mara tatu, mara moja kwa sauti

Mara ya kwanza kimya, ya pili kwa sauti ya kujisikia mwenyewe, ya tatu ukiwa na kalamu mkononi. Sauti inakulazimisha kupita kila neno, na hapo ndipo yanapoonekana maneno usiyoyajua.

Hili la maneno tunalisisitiza, maana Mswahili hudhani anaielewa Biblia kwa kuwa ni lugha yake. Biblia ya Union Version ilitoka mwaka 1952 na ina maneno ambayo mazungumzo ya leo yameyaacha. “Msiwiwe na mtu cho chote” (Warumi 13:8) maana yake msidaiwe. “Mjoli” katika Mathayo 18 ni mtumishi mwenzako. “Hata” ikianza sentensi, mara nyingi ni “ndipo” au “basi”, si “hata kama”. Ukikwama, waulize wazee, au linganisha na Biblia Habari Njema. Mtu asiyejua maana ya kuwiwa atasoma Warumi 13:8 mara mia huku deni lake la dukani liko palepale.

Hatua ya 4: Maswali manne

Jibu kila moja kwa sentensi moja. Nani anasema, na anamwambia nani? Tunajifunza nini kuhusu Mungu? Kuna agizo la kushika, kosa la kuacha au ahadi ya kushikilia? Katika watu ninaokutana nao leo, linamgusa nani?

Usiruke swali la kwanza. Maagizo ya sadaka za wanyama katika Walawi walipewa Israeli, na Waraka kwa Waebrania unaeleza kwa nini sadaka ya Kristo imetosha. Ukiliruka, utabeba mzigo usio wako, au utaacha ulio wako kwa kisingizio kwamba “hayo ni ya zamani”.

Hatua ya 5: Andika mstari wa utii

Mstari wa utii ni sentensi moja unayoiandika daftarini ikitaja tendo la leo, jina la mtu na saa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chukua Yakobo 5:1–6, ambapo ujira wa waliovuna mashamba, uliozuiwa kwa hila, “unapiga kelele”. Msomaji ana mikarafuu Wete. Karafuu zake zimeshachambuliwa, ziko juani kwenye majamvi, na wachumaji wameambiwa wasubiri mpaka ziuzwe. Anaandika: “Nitawajali zaidi wafanyakazi wangu.” Mstari huo haufai. Hauna jina, hauna kiasi, hauna saa; jioni hakuna atakayeweza kusema kama umetendwa au haukutendwa.

Mstari unaofaa ni huu: “Leo kabla ya magharibi nitakwenda kwa kijana aliyechuma pishi 7 Jumanne, nimlipe zote.” Kumbukumbu la Torati 24:15 linataka maskini alipwe siku yake, kabla jua halijachwa. Kama pesa haipo kweli, mstari unabadilika lakini haufutwi: nitakwenda mwenyewe, nitampa nilichonacho, nitamwambia tarehe ya kumalizia. Kumtuma mtoto na ujumbe si sawa na kwenda.

Upime mstari wako hivi: mtu mwingine angeweza kuona kwa macho kwamba umefanyika? Kama hawezi, andika upya. Yakobo 4:11 inakataza kusingiziana; mstari wake unaweza kuwa “leo barazani wakianza kumsema jirani, nitaondoka.” Warumi 12:18 inataka tukae kwa amani na watu wote kadiri iwezekanavyo kwa upande wetu, mwezi wa Ramadhani mstari wake ni “chakula cha mchana nitakula ndani, si dukani mbele ya wenzangu waliofunga.” Ni vitu vidogo, na udogo huo ndio unaovifanya vitendeke.

Tendo likiwa kubwa kuliko siku moja, kama kumaliza ugomvi wa shamba la urithi, andika hatua ya kwanza tu: kumpigia kaka simu.

Hatua ya 6: Rudi kwenye ukurasa jioni

Dakika 3. Weka alama ya vema kama limetendeka, duara kama bado. Ukiweka duara, andika sababu kwa maneno yasiyozidi matano, kama vile: woga, hasira, nilisahau, hakuwepo. Kisha tubu kwa lililo dhambi, na duara hilo liwe kazi ya kwanza kesho. Duara tatu mfululizo kwa jambo moja maana yake simama, usisome fungu jipya mpaka ulitende hilo.

Ukikosa siku nzima, usilipizie kwa kusoma mafungu mawili. Endelea ulipoachia.

Hatua ya 7: Mtu wa kukuuliza

Tafuta mwenzako mmoja au wawili, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, mkutane mara moja kwa wiki kwa saa moja. Kila mmoja afungue daftari aulizwe: Ulisoma nini? Uliahidi nini? Ulifanya? Anayeulizwa asihubiri, naye anayeuliza asigombe. Yanayosemwa hapo hayatoki nje, hata kwa njia ya “mwombeeni fulani”. Siri ikivuja mara moja, kuanzia hapo watu wataleta vema za uongo. Kama kanisani kwenu mna jumuiya ndogondogo au ibada za nyumba kwa nyumba, watafuteni wenzenu humo.

Yakobo ukiisha, Jumamosi ya wiki ya tatu pitia kurasa zote 18, zihesabu duara zilizobaki, uzimalize. Baada ya hapo fungua Marko: sura 16, fungu la aya kama 12 kwa siku, ni wiki 9 au 10. Daftari ni lilelile.