Funga WhatsApp yako kabla boom halijaingia

Wiki boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, linapokaribia kuingia, dawati letu la TEHAMA chuoni hujaa watu. Wengi wao hawajadukuliwa kwa utaalamu wowote. Wamemsomea zile tarakimu sita za kodi (msimbo) ya WhatsApp iliyokuja kwa SMS mtu aliyepiga akijitambulisha kuwa ni CR, mwakilishi wa darasa, basi. Shika simu yako ufuate mpangilio huu. Bando dogo linatosha.

Hatua ya 1: Ondoa kompyuta za steshenari

Tuanzie hapa, kwa sababu hakuna anayepakumbuka. Umekwenda kuprinti asaimenti, ukaskani msimbo wa QR ili upakue faili, ukalipa, ukaondoka. WhatsApp yako imebaki wazi kwenye kompyuta ya watu. Anayeketi baada yako anasoma kila kitu, pamoja na ile picha ya kitambulisho cha NIDA uliyomtumia mwenye nyumba.

Fungua WhatsApp, gusa vitone vitatu vya juu (kwenye iPhone ingia Mipangilio), kisha Vifaa vilivyounganishwa. Akaunti moja hubeba hadi vifaa vinne zaidi ya simu yako. Gusa kila usichokitambua, ukitoe. Ukiwa na shaka, toa vyote. Chako utakirudisha baadaye.

Kuanzia leo nenda steshenari na flashi yenye faili hilo moja tu. Najua flashi huleta virusi. Lakini kirusi cha flashi hakimwombi shangazi yako elfu hamsini kwa jina lako.

Hatua ya 2: Weka PIN

Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Chagua tarakimu sita zisizo tarehe yako ya kuzaliwa, kisha ongeza barua pepe ya kukuokoa ukisahau. Hata tapeli akiipata ile kodi ya SMS, atakwama kwenye PIN.

Hatua ya 3: Kagua laini

Piga *#21#. Ukiona simu zako zinaelekezwa kwenye namba usiyoijua, piga ##21# kufuta. Mchezo wenyewe uko hivi: unaambiwa ubonyeze *21* pamoja na namba fulani "ili usajili wako ukamilike". Simu zako zinahamia kwake, naye anaiomba WhatsApp impe kodi kwa kupigiwa.

Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Halafu funga laini yenyewe kwa PIN kwenye mipangilio ya usalama ya simu, maana kibaka anaweza kuichomoa laini akaiweka kwenye simu yake na kusubiri SMS. PIN ya awali huwa kwenye kile kikadi ulichopewa na laini. Ukikosea mara tatu utadaiwa PUK, namba ya kufungulia laini, kwa hiyo usibahatishe.

Hatua ya 4: Ongea na nyumbani

Mpigie mzazi leo. Mkubaliane kwamba ombi la pesa la meseji halitumiwi hata senti mpaka akupigie kwa simu ya kawaida akusikie. Kwa maoni yangu hatua hii inashinda programu zote za ulinzi mnazopakua.

Picha ya kitambulisho cha chuo kwenye status ifute. Namba ya usajili, kozi na sura yako vinamtosha tapeli kujifanya ofisa wa mikopo anayekufahamu.

Ikiwa tayari imechukuliwa

Sakinisha WhatsApp upya, weka namba yako, uingize kodi itakayokuja kwa SMS. Papo hapo mwizi anatolewa. Ukidaiwa PIN usiyoiweka wewe, ni yake. Utasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo, lakini naye yuko nje muda wote huo. Wakati unasubiri, mwombe admini wa kila grupu atangaze, tena kwa jina lako kamili. Meseji ya tapeli na namba yake zitume 15040. Kama kuna aliyekwisha kutuma pesa, apige mtandao wake saa hiyohiyo kuomba muamala uzuiwe, halafu aende polisi kuchukua RB, namba ya taarifa yake polisi, akiwa na skrinishoti, kabla hajafuta mazungumzo.