SOMO: Nyota za Krismasi kwa shanga za karatasi (watoto 72, makasi 6)

Walimu wenzangu habari za muhula wa tatu. Mitihani ikiisha mnajua vile darasa linakuwa, watoto wapo, kazi hakuna, kelele mpaka kwa hedimasta. Mimi nafundisha P.3 (darasa la tatu) hapa Busia upande wetu wa Uganda na mwaka jana niliamua kila mtoto aende nyumbani na nyota moja ya kutundika. Mapambo mengi unayoona kwenye simu yanataka kila mtoto awe na mkasi wake na gundi yake, sasa mimi nina makasi sita. Ndo nikakumbuka shanga za karatasi, zile kina mama wa Kampala wanauzia watalii, maana pale anayekata ni wewe tu, mtoto kazi yake ni kuzungusha.

Vitu: kalenda za zamani (karatasi yake inang'aa na ni ngumu kidogo, shanga inatoka nzuri), unga wa muhogo, waya laini, na spoku za baiskeli. Spoku huku kwetu hazikosekani, si boda boda zenyewe zilianzia hapa mpakani kwa baiskeli. Mwambie fundi akukatie kila spoku vipande vitatu na apige tupa ncha zote zisichome watoto.

Hesabu kwanza. Nyota moja ni shanga 10, watoto 72 ni shanga 720. Karatasi ya A4 ukiikata vizuri inatoa vipande 20, kwa hiyo karatasi 36, lakini wewe andaa 45 maana zitaharibika tu.

Kukata: laza karatasi, kwenye ukingo mmoja mfupi weka alama kila sentimita 2 kuanzia 0, ukingo wa pili alama zianzie sentimita 1, alafu unganisha kwa rula mistari ya kupanda na kushuka. Unapata pembetatu ndefu nyembamba, chini sentimita 2, juu inaisha kama sindano. Fanya usiku nyumbani na radio ikiwa inaongea.

Gundi: vijiko viwili vya unga wa muhogo, koroga na maji baridi kidogo kwanza, ongeza kikombe kimoja cha maji, pika huku unakoroga mpaka iwe nzito na ianze kung'aa. Pika ya siku hiyo tu, ikilala inachacha na harufu yake mtaikimbia.

Kuzungusha, hapa ndo penye somo lenyewe. Mtoto anaanza na upande MPANA, analaza kwenye spoku, raundi ya kwanza hakuna gundi kabisa. Narudia, hakuna gundi. Kundi langu la kwanza walipaka kuanzia mwanzo, shanga zikang'ang'ania kwenye spoku mpaka tukazichana na kucha. Anazungusha akikaza, ncha ikae katikati, akibakiza kama sentimita 5 anapaka gundi kwa kidole na kumalizia. Anaivua, anaweka kwenye kikaratasi chenye namba yake. Usipoweka namba utaamua kesi mpaka jioni.

Kuunda nyota: acha shanga zilale usiku mmoja zikauke. Kata waya sentimita 30, ingiza shanga 10, sokota ncha iwe duara, waya unaobaki ndo ndoano. Sasa kila penye maungio sukuma moja ndani, ruka moja, sukuma ndani, ruka. Duara linageuka nyota ya pembe tano mbele ya macho yao, na darasa langu hapo lilipiga makofi bila kuambiwa.

Tahadhari moja. Usiwaambie watoto "leteni kalenda" hivi hivi. Mmoja alibandua ya ukutani kwao, ilikuwa bado Novemba, kesho yake baba yake akaja mlangoni akiwa mpole kabisa: "Madam, naomba tu Desemba yangu." Desemba ilikuwa tayari shanga 20.

MASWALI

Wa Kasese: Madam, magazeti hayafai? Hapa ndo yamejaa.
– Yanafaa kwa majaribio. Karatasi yake ni laini, wino unachafua vidole na shanga inatoka kijivu. Ila watoto wajifunzie nayo siku ya kwanza, kalenda usiziharibu.

Wa Arua: Kwa nini usitumie unga wa ngano na chumvi, unakata maumbo na kikombe unaanika tu?
– Nilijaribu ndugu yangu. Vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo. Tatizo mvua ya Novemba, chumvi inavuta unyevu, zile nyota zangu zililegea kwenye uzi moja moja zikaanguka. Na kwa watoto 72 huo unga si bora uwapikie chapati?

Wa Bombo: Darasani kwangu nusu ni Waislamu, wazazi hawataki mambo ya Krismasi.
– Usiwalazimishe. Shanga ni zile zile, wao waingize kwenye lastiki iwe bangili ya mama. Na wengine wakiona watataka bangili pia, ongeza karatasi.

Wa Jinja: Vanishi je?
– Inang'arisha na inazuia maji lakini harufu yake kali, si ya watoto. Paka mwenyewe, nje, wakiwa wameenda nyumbani. Ukipaka au usipopaka, nyota isikae karibu na mshumaa, ni karatasi hiyo.

Wa Busia mwenzangu: Wa nasari wanaweza?
– Hao wanaweka kila kitu mdomoni. Kata pembetatu za sentimita 5, wazungushie kwenye penseli, shanga moja kubwa na uzi basi. Na uwe na msaidizi, peke yako hutaweza.