Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufuga Samaki Kwenye Tangi la Nyumbani

Anza na meza. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100, likishatiwa changarawe na mawe, linapita kilo 100 kwa mbali, na halifai kusogezwa tena likiwa na maji, kwani viungo vya kioo chake vinaweza kuachia. Liweke mahali tambarare, mbali na dirisha linalopigwa na jua, kwa sababu jua hupandisha joto la maji na kuotesha mwani. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua tangi kubwa: katika maji mengi sumu huchelewa kukolea na joto hubadilika taratibu, ilhali katika maji machache kosa la asubuhi linaweza kuua samaki jioni.

Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini kabla hayajaingia kwenye tangi. Kuyaacha wazi kwenye ndoo usiku kucha kunasaidia dhidi ya klorini, lakini hakutoshi pale maji yalipotibiwa kwa kloramini, aina ya klorini isiyotoka majini kwa urahisi. Joto la nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi linawafaa samaki wengi wa kitropiki, nalo lipimwe kwa kipimajoto, si kwa kidole.

Jambo linalofuata ndilo lililonigharimu, na ninaomba ulisome polepole. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa kidogo na ambayo wewe huipunguza unapobadilisha maji. Bakteria hawa huchukua takribani wiki nne hadi sita kujijenga, na muda huo wote chujio liwe linafanya kazi, tangi likitiwa chakula kidogo ili kitoe amonia ya kuwalisha. Usitie samaki mpaka kipimo kioneshe kwamba amonia na nitriti zote zimefika sifuri na nitrati imeanza kuonekana.

Hayo niliyafuata. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 80, nikasubiri wiki tano, nikatia samaki 14, wakakaa vizuri kwa miezi mitatu. Kisha nikaanza kuchukizwa na sponji ya chujio, ambayo ilikuwa imejaa tope la kahawia, na siku moja nikaamua kufanya usafi kamili: nikaikamua sponji chini ya bomba mpaka ikawa nyeupe, nikazoa changarawe yote nikaiosha kwa maji ya moto, nikasugua kioo, nikabadilisha maji yote. Tangi lilimeta kuliko siku niliyolinunua. Siku ya pili samaki waliacha kula. Siku ya tatu walikuwa wamepanda juu, midomo ikigusa uso wa maji, wakihema kwa kasi na matamvua yao yakiwa mekundu, nami kwa kudhani ni maradhi nikawatia dawa, badala ya kupima maji. Ndani ya wiki moja nilizika tisa. Lile tope nililoliosha ndimo walimokuwa wakiishi bakteria, kwa maana hawa hujishikiza kwenye sponji, changarawe na kioo, na ni wachache mno wanaoelea majini.

Kwa hiyo, kabla ya kusafisha, chota ndoo ya maji ya tangi lenyewe na uikamue sponji humo, kwa upole, ili utoke uchafu unaoziba tu. Badilisha robo ya maji kila wiki, si yote, na usisafishe chujio na changarawe siku moja. Ukiona samaki wanahema juu ya maji, pima amonia kwanza, badilisha sehemu ya maji papo hapo, na upunguze chakula.

Kuhusu samaki, uliza ukubwa wake akikomaa, si ukubwa unaouona dukani, kwa maana pleko wa kawaida, ambaye huuzwa akiwa na urefu wa kidole, anaweza kupita sentimita 30. Neon tetra wakae kundi la sita au zaidi, la sivyo huishi kwa hofu. Usiwachanganye na samaki malaika aliyekomaa, kwani atawameza. Samaki wa dhahabu hafai katika tangi hili la samaki wa kitropiki, kwa kuwa huchafua maji sana na hupendelea maji yasiyo na joto kubwa. Kila samaki mpya akae peke yake kwa wiki mbili hadi nne kabla ya kuungana na wenzake, kwani ugonjwa wa madoa meupe ukiingizwa na mmoja huwapata wote.

Chakula kiwe kile kinachoisha ndani ya dakika mbili. Taa isizidi saa nane kwa siku. Zima hita kabla ya kupunguza maji, na waya wa umeme uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteleza lianguke sakafuni. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe karibu, kwa sababu bakteria wa kwenye chujio nao huhitaji oksijeni. Usiingize mkono wenye sabuni, usipulizie dawa ya wadudu chumbani humo bila kufunika tangi na kuzima pampu ya hewa, na samaki aliyekushinda mpe mfugaji mwingine, wala usimwachie mtoni.