Futi 371 za uwanja wa Mtwara, rubani mwanafunzi anazitumiaje

Wadau wa kusini habarini, kuna mdogo wangu anasomea urubani kaniuliza mwinuko wa uwanja una kazi gani wakati sisi Mtwara tuko pwani kabisa, nikaona niandike wote msome.

Hatua ya 1: Fungua chati utafute mwinuko. Mtwara ni futi 371, yani kama mita 113 juu ya usawa wa bahari. Inapimwa pale ranwei ilipo juu zaidi, sio mnarani, kwa hiyo ulipopaki unaweza ukawa chini kidogo.

Hatua ya 2: Weka QNH uliyopewa (presha ya hewa ya pale iliyopigwa hesabu hadi usawa wa bahari) kwenye altimita, ile saa ya ndege inayoonyesha mwinuko. Ndege bado iko chini lakini isome karibu na 371, usishtuke haisomi sifuri, inahesabu kuanzia baharini. Ikipishana zaidi ya futi 75 mimi siruki, naita fundi. Hapa naomba uwe makini sana maana hektopaskali 1 (kipimo cha hiyo presha) ni kama futi 30, ukikosea 10 ni futi 300, unakuja kutua ukiamini uko juu kumbe mikorosho iko hapo hapo chini ya tumbo.

Hatua ya 3: Mzunguko wa kutua, ongeza 1,000, unapata 1,371, tunazunguka na 1,400. Uwanja wa Lindi pale Kikwetu ni kama futi 100 tu, ukienda na namba ya Mtwara umezidi futi 300, ranwei inafika hujashuka.

Hatua ya 4: Joto, na hii ndo wengi wanaidharau. Hewa ya kawaida ni digrii 15 usawa wa bahari, inapungua 2 kila futi 1,000, so Mtwara ilitakiwa iwe 14 hivi. Mchana wa mwezi wa 11 ukikuta 32 imezidi 18, kila digrii iliyozidi ni kama futi 120, zidisha unapata 2,160, jumlisha 371, basi presha ikiwa ya kawaida ndege inajiona iko futi 2,500! Hewa ni nyepesi, injini inapumua kidogo, bawa linabeba kidogo, unakula ranwei ndefu. Sasa nenda Songea, mwinuko kama futi 3,400, joto 28, hesabu ileile inakupa 5,800. Mzigo ulionyanyuka vizuri Mtwara, Songea unaweza ukagoma kabisa, ndo maana mimi kule napunguza mzigo na naondoka asubuhi na mapema.

Mdogo wangu, nipigie hiyo ya Songea kwa digrii 20 uniletee jibu kesho.