Kabla ya kwenda Italia kusomea uhandisi au usanifu majengo

Wengi wakipata wazo la kusoma Ulaya huanza na ada na viza. Mimi ningeanza na bodi ya nyumbani, ile itakayokusajili ukirudi. Tanzania kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wabunifu majengo wana ya kwao pamoja na wakadiriaji majenzi. Kenya mgawanyo ni huohuo. Sababu ni hesabu ya miaka. Shahada ya kwanza ya uhandisi Tanzania ni miaka minne, Kenya mitano. Italia ni mitatu, yenye krediti 180 (krediti ni kipimo cha wingi wa masomo), kisha inafuata ya uzamili ya miaka miwili, krediti 120.

Hiyo ya mitatu hata hukohuko Italia haikufikishi mbali. Mwenye nayo akifaulu mtihani wa serikali anaandikwa katika kundi la pili la daftari la wanataaluma, kwa cheo cha mhandisi au msanifu "iunior", yaani wa daraja la chini. Kwa usanifu majengo Umoja wa Ulaya wenyewe unataka miaka mitano ya masomo, au minne pamoja na miwili ya mazoezi ya kazi. Basi hesabu ya pesa ipigwe ya miaka mitano, na mzee anayelipa aambiwe hivyo mapema, asije akaandaa sherehe mwaka wa tatu akijua mtoto kamaliza. Iandikie bodi, taja chuo na kozi kwa jina lake kamili, uliza watakusajili kwa daraja gani, na jibu lao ulitunze. Maneno ya dirishani hayamfungi mtu.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui: kozi moja ya miaka mitano mfululizo, krediti 300, inayounganisha uhandisi wa majengo na usanifu. Waitaliano wanaiita ingegneria edile-architettura. Aliyeimaliza anaruhusiwa kukaa mtihani wa serikali wa usanifu au wa uhandisi wa ujenzi. Kwa mtu ambaye roho yake imegawanyika kati ya kuchora nyumba na kuikokotoa, ningemwambia aitazame hii kabla ya nyingine zote.

Vyuo vinavyotajwa zaidi ni viwili, Politecnico di Milano, kilichoanzishwa mwaka 1863, na Politecnico di Torino. Renzo Piano, msanifu mashuhuri wa Italia, alihitimu Milano mwaka 1964. Torino wasanifu wanasomea ndani ya kasri la zamani kando ya mto Po, Castello del Valentino, na wahandisi wako jengo jingine kabisa. Vyote viwili vina kozi za Kiingereza, hasa za uzamili. Lakini soma ukurasa wa kozi yenyewe, mwaka kwa mwaka, somo kwa somo, kwa kuwa zipo zinazoanza kwa Kiingereza na masomo ya kuchagua yakabaki ya Kiitaliano. Na lugha ya mtaani ni yao: mwenye nyumba, karani wa posta, fundi wa saiti. Mtu wa Malindi au Watamu, kwenye pwani ya Kenya yenye Waitaliano wengi, ana bahati hapo, maana Kiitaliano amekisikia tangu utotoni.

Mitihani ya kujiunga hufanyika miezi mingi kabla ya masomo, na mara nyingi unaweza kuifanyia nyumbani kwenye kompyuta, kamera ikikutazama. Umeme na intaneti ya kuaminika ndiyo maandalizi ya kwanza; tafuta ofisi yenye jenereta. Aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) ana msingi wa kutosha wa hisabati na fizikia. Asichokizoea ni mwendo, maswali mengi ndani ya dakika chache. Anayeomba uzamili wa usanifu ataombwa pia mkusanyo wa kazi zake. Weka michoro yako ya mkono ndani, hata ile yenye mistari ya kufutwafutwa, kwa sababu picha za kompyuta zinazong'aa kila mwombaji anazo.

Vyeti ndivyo vinavyowakwamisha watu. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita na pasipoti lazima liwe moja, herufi kwa herufi. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule ni wiki kadhaa za kiapo na mihuri. Baada ya hapo kuna tafsiri rasmi ya Kiitaliano, kuthibitishwa kwa vyeti, na hati ya ubalozi au ya kituo cha CIMEA cha Roma inayoeleza cheti chako kina thamani gani Italia. Huko wanataka miaka 12 ya shule kabla ya chuo. Kidato cha sita cha Tanzania kinakupa 13, KCSE ya 8-4-4 ilikupa 12 kamili. Maombi ya awali yanapitia tovuti ya serikali iitwayo Universitaly, na bila hayo ubalozi haupokei faili lako la viza. Kwa Mtanzania kuna jambo la ziada. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai, na katikati kuna mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Kuyabana hayo yote kwenye mwaka mmoja ni kujitesa. Anayeomba mwaka unaofuata, vyeti vikiwa mkononi, hajachelewa chochote.

Ada za vyuo vya umma si za kutisha: Milano kiwango cha juu ni takriban euro 3,900 kwa mwaka, na hushuka kulingana na kipato cha familia. Kipato hicho kinathibitishwa kwa hati za mshahara, biashara, benki na nyumba za wazazi, nazo pia zitafsiriwe na kugongwa mihuri, tena kabla hujaondoka, maana kumtafutisha mama hati ya kiwanja ukiwa Torino ni kazi nyingine. Hati hizohizo ndizo zinazofungua mlango wa ufadhili wa mkoa, unaotazama hali ya familia na unaoweza kugusa ada, chumba na chakula. Usiuchukue kama zawadi: usipofikisha krediti zinazotakiwa ifikapo 10 Agosti, unaupoteza. Kibali cha kuishi cha mwanafunzi kinaruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki, lakini krediti moja inahesabiwa kuwa saa 25 za jasho, na mwaka una krediti 60. Piga hesabu mwenyewe kama usiku wa mgahawani unabaki.

Gharama halisi ya Milano ni chumba. Mei 2023 wanafunzi walipiga mahema mbele ya Politecnico kulalamikia kodi. Omba bweni siku dirisha linapofunguliwa, na usimtumie mtu amana kwa chumba ulichokiona kwenye picha tu, hata kama anakuonyesha kitambulisho.

Darasani utakutana na mtihani wa mdomo. Unaitwa, unakaa mbele ya profesa, anakusogezea karatasi tupu: chora boriti iliyobebwa pande mbili, weka mzigo, sasa nionyeshe momenti, ile nguvu inayoipinda, inakwenda vipi. Ukichora sawa anauliza kwa nini. Ukikariri bila kuelewa, utagundulika kwenye hiyo "kwa nini". Alama ni kati ya 30, ya kupita ni 18, na unaweza kuikataa alama ukarudi kipindi kingine. Kwa wasanifu mateso ni studio: kila wiki unabandika michoro, inachambuliwa mbele ya wenzako, na unaanza upya. Weka fungu la karatasi, kuchapisha michoro mikubwa na mbao laini za modeli. Fungu hilo halimo kwenye makadirio ya viza na linauma.

Utafundishwa pia kujenga kwa ajili ya baridi na tetemeko. Kufunga nyumba isipoteze joto si shida ya Tanga. Tetemeko tunalihitaji, na Kagera ya Septemba 2016 ni ushahidi. Ila kama unatoka pwani, mahali ambapo Italia ina kitu cha kutupa kweli ni ukarabati wa majengo ya kale. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Zanzibar, iliporomoka sehemu yake 25 Desemba 2020, watu wakiwa kazini humohumo. Mji Mkongwe, Lamu na Kilwa Kisiwani vyote viko kwenye orodha ya urithi wa dunia, na kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, wakati fundi wa siku hizi anazipaka saruji isiyopumua, unyevu unabaki ndani na ukuta unaoza. Mwanafunzi anayechagua mada ya utafiti huko Ulaya achague ukuta wa namna hiyo. Maprofesa wanapenda mtu anayekuja na jengo lake, vipimo na picha alizopiga mwenyewe, kwa hiyo kabla ya kuondoka shika futi na kamera ukapime nyumba moja.

Ukifika, una siku 8 za kazi kuomba kibali cha kuishi. Unachukua bahasha ya fomu posta, unajaza, unabandika stempu ya euro 16, unapewa risiti na miadi ya polisi ya kuchukuliwa alama za vidole. Kadi yenyewe huchukua miezi. Viza ikiisha na mkononi una risiti tu, unaweza kwenda nyumbani na kurudi Italia, lakini si kwa kupitia nchi nyingine ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Tiketi ya kubadilishia ndege Paris au Amsterdam inaweza kukukwamisha uwanjani. Ya kupitia Addis Ababa au Doha haina tatizo hilo.