Somo: Msafara wa wikendi Nakuru–Kabarnet–Iten, hatua kwa hatua

Wanachama wapya wa klabu yetu ya magari wameomba maelezo ya safari ya milimani kabla ya Jumamosi. Njia ni hii: Nakuru, Mogotio, Marigat, kupanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, kushuka Bonde la Kerio na kuvuka daraja la Cheploch, kisha kupanda ukingo wa Elgeyo kupitia Tambach hadi Iten. Tunalala Iten, Jumapili tunarudi njia ileile. Kwa hiyo ukuta wa Tambach, yaani mteremko mkali wa ukingo huo, tunaupanda Jumamosi na kuushuka Jumapili. Kupanda mtu yeyote mwenye injini nzuri anaweza. Kushuka ndiko nitakakoeleza kwa kirefu zaidi.

Hatua ya 1: Gari likaguliwe wiki nzima kabla

Breki kwanza, na ndani ya breki, oili yake kwanza. Oili ya breki hunyonya unyevu kadiri inavyokaa. DOT 4, aina ya oili hiyo inayotumika sana, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 155. Ikichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea: unakanyaga, pedali inazama, gari linaendelea kwenda. Magari yetu mengi yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, kwa hiyo usikisie kwamba kuna mtu aliyeibadilisha. Kama huna uhakika, ibadilishe. Fundi afungue magurudumu yote manne aone unene wa pedi, si mawili ya mbele tu.

Tairi inaweza isiwe kipara na bado mpira wake umekakamaa. Tafuta tarakimu nne ubavuni mwake: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo pima asubuhi kabla ya kuondoka, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva. Marigat kuna joto kali. Ukipima huko utakuta umepanda. Usiutoe.

Maji ya rejeta, spea, jeki na pembetatu za kuonya, nadhani hayo hayahitaji somo.

Hatua ya 2: Tukutane Nakuru saa moja asubuhi, tangi likiwa limejaa

Hapo tunapanga foleni. Gari la mbele linaendeshwa na anayeijua njia, la mkia na mwenye vifaa na subira. Wageni wanakaa nyuma tu ya gari la mbele, wasije wakajikuta wanafukuzana na watu mkiani. Kila dereva ana jukumu la gari lililo nyuma yake. Ukifika njia panda ya Marigat, pale tunapokata kushoto kwenda Kabarnet, usikate mpaka umeona taa za mwenzako.

Hakuna kupitana ndani ya msafara. Hakuna kushindana. Sheria ya trafiki inakataza mashindano barabarani bila idhini, na barabara hii ni ya watu: ina matatu, bodaboda, wanafunzi, na mbuzi wa Baringo ambao hawampishi mtu.

Hatua ya 3: Kupanda

Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Usishangae gari likionekana zito. Shusha gia mapema, acha injini izunguke, na uangalie mshale wa joto. Wenye tabo, mkifika juu acheni injini ingurume bila mzigo dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Hatua ya 4: Kuisoma kona

Tazama mbali, pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Sehemu hiyo ikikukimbia, kona inafunguka, unaweza kuongeza mafuta taratibu. Ikisimama palepale huku wewe unaikaribia, kona inajifunga, na ulitakiwa uwe umeshapunguza. Barabara ya Tambach ina kona za aina hiyo ya pili: unaingia ukidhani umeimaliza, kumbe nusu yake imejificha nyuma ya mwamba.

Maliza kufunga breki usukani ukiwa bado umenyooka, chagua gia, ndipo ugeuze. Usiukate mstari wa kati hata kama unaona hakuna gari linalokuja. Kona ya kulia inashawishi sana kuukata, na lori linalopanda huhitaji upande wake wote.

Hatua ya 5: Kushuka Tambach

Kutoka Iten hadi sakafu ya bonde unashuka zaidi ya mita elfu moja. Gia uliyotumia kupandia mahali fulani ndiyo ya kushukia hapohapo, au moja chini yake. Injini ndiyo inayolizuia gari. Breki ni za kurekebisha tu. Kanyaga kwa nguvu kiasi, kwa muda mfupi, kisha achia kabisa ili hewa ipoze diski. Mguu unaokaa juu ya pedali kilomita nzima ndio unaochoma pedi. Gia ya bure (neutral) kwenye mteremko ni marufuku katika klabu hii, na anayefanya hivyo kuokoa mafuta tutamwomba apande gari la mwenzake.

Ukisikia harufu kama ya kitu kinachoungua, au pedali imekuwa laini, washa taa za dharura na ujulishe kwenye redio. Shusha gia zaidi, simama mahali palipo wazi, tia gari gia na uweke jiwe kwenye gurudumu. Handibreki usiivute diski zikiwa za moto, na maji usimwage kamwe, diski zitapinda. Subiri nusu saa. Wote tutasubiri.

Maswali ya wanachama

*Kaka, gari langu, Subaru Impreza, ni otomatiki. Nitashukaje kwa gia?*

Sogeza wenzo wa gia upande wa kuchagua gia kwa mkono, uweke ya pili. Kama lako halina, tumia 2 au L. Usiliache kwenye D, litapanda gia lenyewe na kukuongezea kasi wakati huihitaji.

*Mimi nina gari dogo la cc 1500, si la michezo. Nisije nikawachelewesha?*

Njoo, dada. Kasi ya msafara inawekwa na gari la polepole zaidi, na katika kona zile gari jepesi halina taabu. Utakaa wa pili, nyuma ya gari la mbele.

*Kwa nini Jumapili tunaondoka saa tatu? Si kukipambazuka ndiyo barabara iko tupu?*

Iten haiko tupu alfajiri, ndugu. Saa kumi na mbili wanariadha wako barabarani kwa makundi, na barabara ni yao kabla haijawa yetu. Saa tatu wengi wameshamaliza, na ukungu ukingoni umeinuka. Hapo kwenye vituo vya biashara tutawakuta watu wa kanisani, kwa hiyo ni 50 kwa saa, bila honi.

*Mvua ikinyesha usiku wa Jumamosi?*

Mvua kubwa huangusha mawe kwenye lami ya Tambach, na gari la chini halina pa kuyapitisha. Ikinyesha hivyo, hatushuki. Tutapita Eldoret na kufuata barabara kuu hadi Nakuru. Nitawaambia uamuzi wakati wa chai, saa mbili.