Kabla hujailipia Cessna ya mtu

Kizuri chajiuza, walisema wahenga, ila kwenye biashara ya ndege ndogo hata kibovu kikipigwa rangi chajiuza. Mara kwa mara napigiwa simu na mtu aliyeko Malindi au Nanyuki: amepata Cessna 172 ya bei nafuu, inang'aa, na ameshatuma arbuni. Namuuliza jambo moja tu, je, madaftari yake ya kumbukumbu za matengenezo umeyaona? Hapo simu huwa kimya.

Mimi ni fundi wa ndege, kazi yangu iko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Nitaeleza ninavyoikagua 172 kwa niaba ya mnunuzi. Nimeshika 172 kwa sababu ndizo zilizojaa: tangu 1956 zimetengenezwa zaidi ya 44,000, vipuri vyake havisumbui, na ni fundi gani ambaye hajalala chini ya moja? Kama unataka ndege iliyovikwa kitambaa, kama Super Cub, injini utaikagua hivi hivi, lakini kitambaa na mabomba ya chuma yaliyofichwa ndani yake ni somo lingine.

Usiende kwenye hanga kwanza. Agiza chai, ukae na madaftari. Yawe matatu: la bodi, la injini na la propela. Namba zilizoandikwa humo zifanane na zile za kwenye vibao vya chuma vilivyogongwa kwenye ndege yenyewe. Tafuta maneno yanayoashiria ajali: gurudumu la mbele kubadilishwa, propela kupelekwa kunyooshwa, bati la tumbo kuwekwa jipya. Propela iliyogonga ardhi injini ikiwa inazunguka ina maana injini nzima ilipaswa kufunguliwa na kukaguliwa. Kama daftari linasema propela ilibadilishwa na halisemi lolote kuhusu injini, rudisha kikombe mezani uulize vizuri. Daftari likiwa limepotea, "lilibaki kwa mwenye nalo wa zamani", bei ishuke sana, au uage.

Sasa saa za injini. Lycoming O-320, ambayo ndiyo imo kwenye 172 nyingi za kuanzia 1968 hadi 1986, kiwandani wameipa saa 2,000 au miaka 12 kabla ya kufunguliwa yote na kufanywa upya, lolote litakalotangulia. Muuzaji atakutajia saa, miaka atainyamazia. "Ina saa 400 tu, ndugu yangu." Ni maneno matamu, lakini kama saa hizo 400 zimetapakaa kwenye miaka kumi na tano, injini imelala kuliko ilivyofanya kazi.

Kulala ndiko kunakoiua. Kamshafti ya Lycoming, yaani mhimili unaofungua vali, imekaa juu ya kranki, mhimili mkuu unaozungusha propela, na hupata oili kwa kurushiwa tu injini inapozunguka. Ukizima, oili huchuruzika ikaenda chini. Ndege ikikaa wiki baada ya wiki, unyevu huingia na nundu za kamshafti hushika kutu. Siku ya kuwashwa, kutu hiyo husaga kila inachokigusa. Pwani ni mbaya zaidi kwa ajili ya chumvi. Na ile desturi ya kuiwasha dakika kumi pale pale hangani "isije ikaganda" haisaidii, kwa sababu oili haipati joto la kutosha kukausha maji yaliyomo. Ndiyo maana ndege ya shule ya urubani yenye rangi iliyopauka na saa 1,500 zilizorukwa mfululizo naiamini kuliko ya tajiri iliyofunikwa turubai Ukunda, huko Pwani. Ukikuta ni 172N, ya 1977 hadi 1980, yenye injini ya asili O-320-H2AD, kuwa mkali maradufu: kamshafti ya aina hiyo ina historia yake mbaya, na magneto zake mbili, vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, zinaendeshwa na mhimili mmoja.

Utaijuaje kamshafti bila kupasua injini? Mwombe fundi aifungue filta ya oili. Aikate kwa kikatio cha filta, si kwa msumeno wa chuma, maana msumeno utamwaga unga wa chuma mle mle unamotafuta chuma. Karatasi ya ndani ikunjuliwe yote juani, mkunjo kwa mkunjo, kisha pitisha sumaku. Chembe moja mbili za kaboni nyeusi si hoja; ukizifinya zinavunjika. Vinavyoruka kushika sumaku ni chuma, na hicho mara nyingi kinatoka kwenye kamshafti na vinyanyua vali vyake. Vinavyong'aa visivyoshika sumaku mara nyingi ni aluminiamu. Filta ikiwa ilibadilishwa juzi kwa ajili yako, haina ushahidi. Uliza ya zamani iko wapi.

Kinachofuata ni kupima mgandamizo wa silinda, na hapa nakusihi uwepo mwenyewe, usikilize. Injini iwe imezimwa lakini bado ya moto. Plagi za juu zinatolewa, pistoni inapelekwa juu kabisa vali zote mbili zikiwa zimefunga, kisha silinda inajazwa hewa ya kompresa kwa psi 80. Mtu mzima mwenye mikono imara aishike propela, kwa sababu hewa hiyo ina nguvu ya kuizungusha ikakukata. Geji ya pili itaonyesha kiasi kinachobaki ndani. Silinda zote nne zikiwa sawasawa na juu ya 70, nashukuru Mungu na kuendelea. Chini ya 65, uchakavu umeanza. Moja ikiwa 74 na jirani yake 58, tega sikio: mlio wa sss kwenye bomba la moshi ni vali ya kutolea moshi, kwenye kabureta ni vali ya kuingiza, ukitoka kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Ringi zikivuja kidogo zinaweza kuvumiliwa na kufuatiliwa. Vali ya moshi haina subira, ikiungua hukatika, na haikatiki ukiwa chini. Kama fundi ana kamera ya kuingiza kwenye tundu la plagi, aitazame uso wake: alama za joto ziwe duara lenye kitovu katikati. Zikihamia ukingo mmoja, vali hiyo ni ya kubadilishwa.

Bodi naipitia na tochi, nimelala chali. Shida kubwa ya 172 zinazotua kwenye viwanja vya changarawe ni gurudumu la mbele: wanafunzi wameligongesha, na pigo lote limepokelewa na ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Tafuta mikunjo pale. Ribiti zenye michirizi myeusi kandokando zinacheza, hizo hazihitaji maelezo. Nenda mkiani, shika ncha ya bawa dogo la nyuma uipandishe na kuishusha taratibu ukisikiliza. Watu wana tabia ya kukandamiza hapo ili kuigeuza ndege, na mhimili wa ndani hupata ufa. Propela ipitishie kucha ukingoni, vijidonda vya mawe vilivyosuguliwa vizuri havina neno, chenye kona kali ni mwanzo wa ufa.

Kiti cha rubani wengi hukisahau. Reli zake zina matundu ambamo pini hukaa. Matundu yakitanuka, pini huchomoka na kiti huteleza nyuma wakati wa kuruka, rubani akiwa ameng'ang'ania usukani. Watu wamekufa hivyo, na mamlaka za anga za Marekani zililazimisha reli hizo zikaguliwe kila saa 100. Keti, funga, jisukume nyuma kwa nguvu zako zote.

Nyigu je? Usicheke. Wale wa matope hujaza mrija wa kupima mwendo na tundu la hewa la tangi kwa siku chache tu. Tazama pia panya kama hawajala waya chini ya dashibodi.

Ndipo iwashwe. Kwanza toa mafuta kidogo kwenye kila tundu la kuchujia chini ya tangi: avgas 100LL, petroli ya ndege, ni ya buluu, na maji hukaa chini yake kama shanga. Ikishawaka, kwa mizunguko 1,700 kwa dakika pima magneto moja moja. Mizunguko isishuke zaidi ya 125, na tofauti baina yao isizidi 50. Isiposhuka kabisa, usifurahi. Yawezekana waya wa kuizima umekatika, na injini inaweza kuwaka ukiizungusha propela kwa mkono hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Angani, usishtuke ikipanda kivivu saa saba mchana. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000.

Mkaguzi awe wa kampuni ya matengenezo iliyoidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, lakini isiwe ile inayoihudumia ndege hiyo kila siku. Mlipe wewe, si muuzaji. Ripoti yake igawe mafungu mawili: yanayoizuia kuruka kihalali, ambayo muuzaji ayatengeneze kabla ya pesa kutoka, na yanayokera tu, kama redio inayokwaruza au mlango usiofunga vizuri, ambayo mtayakata kwenye bei. Bima ianze saa ile ile umiliki unapohama. Na safari ya kuileta nyumbani ifanyeni asubuhi, wewe na rubani anayeijua 172; kwanza mzunguke juu ya uwanja nusu saa, mtue, mfungue kava la injini mtazame kama kuna kinachovuja. Mizigo na watoto watapanda siku nyingine.